Vigingi vya violoni yangu vinalegea kila usiku, kaka anataka tuviweke gundi

Yaya,

Jambo sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninakaa Katuba hapa Lubumbashi, na ninaimba katika korali ya parokia yetu. Mwaka jana nilinunua violoni ya mitumba katika soko la komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Ilikuwa na nyuzi zake nne, upinde na sanduku. Sina mwalimu. Ninajifunza kwa video za simu, usiku, watoto wakiisha kulala.

Miezi ya mvua ilishika sauti vizuri. Tangu mwezi wa sita imeanza kunisumbua. Ninailinganisha jioni, asubuhi nafungua sanduku nakuta nyuzi zimelegea, moja au mbili zimelala kabisa. Nikizikaza, kigingi kinarudi nyuma chenyewe mara tu nikikiachilia.

Halafu uzi wa la, ile noti ya la ya do-re-mi, ulikatika. Kwa kuwa gitaa nalo lina uzi wa la, nilinunua huo wa gitaa nikauweka. Programu ya kulinganisha kwenye simu ikaniandikia A, yaani la, kwa rangi ya kijani, lakini sauti ilikuwa ya chini mno, haifanani na la tunayopewa korali. Nikaendelea kukaza. Kidaraja, kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi juu ya uso wa violoni, kikaanza kuinama mbele, nikaogopa, nikaacha.

Kuna jambo lingine linanikosesha usingizi. Siku moja nilitoa nyuzi zote pamoja ili nifute vumbi, kidaraja kikaanguka. Nilikirudisha kwa kukisia. Baadaye nikasikia kwenye video kwamba ndani ya violoni kuna kijiti kinachosimama bila gundi. Sijui kama changu bado kimesimama.

Kaka yangu anapiga gitaa kanisani. Anasema vigingi vya mbao ni mambo ya zamani, tukaze nyuzi mpaka zifike, kisha tutie gundi kali, shida iishe. Kiongozi wetu wa korali anasema violoni si chombo cha kujifundisha peke yako, afadhali niiuze kabla haijaharibika. Na majirani tunaokaa nao parseli moja wamechoka na kelele zangu, ingawa kwa heshima bado hawajaniambia usoni.

Yaya, nifanye nini? Naipenda violoni hii kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwalimu wa Katuba

*

Mwalimu, mdogo wangu,

Nianze na gundi, maana hiyo ndiyo inayoweza kukuharibia chombo leo hii. Mwambie kaka yako airudishe alikoitoa. Kigingi cha violoni kimechongwa ili kizunguke maisha yake yote. Nyuzi hubadilika kila siku kwa joto, kwa baridi, kwa jasho la vidole, na kila unapofungua sanduku utahitaji kuzirekebisha kidogo. Ukigandisha kigingi kwenye la iliyo safi jioni, asubuhi la imeshuka na huna tena pa kushika. Na siku uzi ukikatika, fundi atalazimika kukikata kigingi na kutoboa upya, kwenye mbao nyembamba ambayo hupasuka upesi. Chombo kizima huweza kufa kwa tone moja la gundi.

Sasa tuje kwenye sababu. Umeitaja mwenyewe ulipoandika "tangu mwezi wa sita". Unaijua Lubumbashi ya kiangazi: kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hamna, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, usiku baridi, mchana jua. Mbao nayo inapoteza maji yake na kusinyaa. Kigingi kinapungua unene, tundu lake linabadilika, na vile vilivyokuwa vinashikana wakati wa mvua sasa havishikani. Mwezi wa kumi na moja unyevu ukirudi utaniandikia kinyume, kwamba vigingi vimekwama havizunguki. Kwa hiyo usiilaumu violoni yako, na wala usijilaumu wewe.

Mashine za gitaa la kaka yako zina meno ya chuma yanayozuia uzi usirudi. Kigingi chako hakina meno. Ni mti mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, unaoshikwa na msuguano peke yake, kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Kukizungusha hakutoshi. Unakizungusha huku unakisukuma ndani, vyote viwili kwa mara moja, na mkono wa pili unashikilia kichwa cha violoni upande wa pili ili nguvu yako isiende kwenye shingo. Wengi wanaojifunza kwa video hawalioni hilo, kwa sababu machoni inaonekana mtu anazungusha tu.

Na dawa ya kigingi kinachoteleza unaandika nayo ubaoni kila siku: chaki. Legeza uzi mmoja, mmoja tu, uvute kigingi mpaka kitoke. Ukikitazama kwenye mwanga utaona pete mbili zinazong'aa, pale kinapogusana na kuta mbili za kichwa. Paka chaki nyeupe kavu juu ya pete hizo, kirudishe, kizungushe mara kadhaa bila uzi ili chaki isambae. Kikianza kushika lakini kinakwenda kwa kurukaruka na kulia, gusa pete hizo kidogo na kipande cha sabuni kavu ya mche. Chaki hushikisha, sabuni hulainisha, nawe utacheza kati ya hizo mbili mpaka kigingi kiende taratibu na kibaki pale unapokiacha. Mwezi wa kumi na moja vikikwama, utaongeza sabuni. Mafuta usipake, hata tone: yanaingia ndani ya mbao na hayatoki tena.

Kabla ya kurudisha uzi, angalia namna ulivyouzungusha, kwa sababu nadhani nusu ya shida yako iko hapa. Ncha ya uzi inaingia kwenye kitundu cha kigingi na kutokeza kidogo upande wa pili. Uzi unapita juu ya kigingi, si chini yake. Mzunguko wa kwanza unaukanyaga ule mwanzo ili usichomoke, halafu mizunguko inayofuata inajipanga mmoja baada ya mwingine kuelekea upande wa mshikio, pale unaposhika kwa vidole, mpaka wa mwisho ukaribie ukuta bila kubanwa nao. Uzi uliojipanga hivyo unakivuta kigingi ndani kila unapokazwa. Ukijipanga kuelekea ncha nyembamba, unakisukuma nje usiku kucha, na asubuhi utakuta umelala hata ukimaliza boksi zima la chaki. Ukiwa hapo, chukua penseli ya kawaida upake risasi yake kwenye mifereji ambamo uzi unapita, ule wa juu mwanzoni mwa shingo na ule wa kwenye kidaraja. Uzi utateleza vizuri badala ya kunasa na kuruka ghafla.

Lakini haya yote yasubiri. Kwanza kijiti.

Usikaze uzi wowote kabla hujakiona. Washa taa ya simu, chungulia kwenye tundu la umbo la f lililo upande wa uzi wa mi, ule mwembamba. Unatafuta kijiti cha mviringo, kama unene wa penseli, kimesimama wima kati ya uso na mgongo wa violoni, nyuma kidogo tu ya mguu wa kidaraja ulio upande huo wa mi. Kikiwepo, kimesimama wima, shukuru Mungu na uendelee. Ukitikisa violoni polepole na kusikia kitu kinabingirika ndani, kimeanguka. Hapo legeza nyuzi zote, kwa sababu kijiti hicho ndicho kinachoubeba uso usizame chini ya kidaraja. Nyuzi nne zikifika kwenye sauti yake zinavuta kwa jumla zaidi ya kilo 20, na sehemu ya nguvu hiyo inageuka kuwa mzigo juu ya mbao yenye unene wa milimita chache. Kukisimamisha kunahitaji chuma maalumu chenye umbo la S kinachopita kwenye tundu la f, na mkono uliozoea. Ulizia kwenye makanisa yenye orkesta ni nani huwarekebishia violoni zao, umpelekee huyo. Fundi seremala hapana, hata awe hodari namna gani, kwa sababu jambo la kwanza atakalofikiria ni gundi, na kijiti hicho hakigundishwi kamwe.

Ndiyo maana nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Unatoa mmoja, unaweka mpya, unaukaza karibu na sauti yake, ndipo unagusa wa pili. Zile tatu zinazobaki zinaendelea kukandamiza kidaraja na kijiti vikae mahali pake.

Kidaraja chenyewe hakina gundi pia, na ulichokiona kikiinama mbele ni kawaida: kila unapokaza, uzi unauvuta ukingo wake wa juu kuelekea shingoni. Miguu yake inakaa katikati ya zile alama ndogo zilizochongwa upande wa ndani wa matundu ya f, upande wake ulio mfupi uwe wa mi na ulio mrefu uwe wa sol. Itazame violoni kwa ubavu. Uso wa kidaraja unaoangalia chini, kule nyuzi zinakofungwa, unatakiwa kusimama wima kabisa. Ukiona kimeinama, legeza nyuzi kidogo, weka violoni mapajani, shika ukingo wa juu kwa dole gumba na kidole cha shahada cha mikono yote miwili, ukirudishe taratibu sana, huku miguu ikikaa bila kuondoka mahali pake. Fanya hivyo kila baada ya kukaza kwa kiasi kikubwa. Kidaraja kilichoachwa kimeinama kwa wiki kadhaa hujipinda na hakinyooki tena.

Sasa uzi wako wa gitaa. Simu haikukudanganya: ile ilikuwa A kweli, yaani la, ila la ya oktava ya chini, noti ileile lakini ngazi nane chini yake. Pima kwa rula sehemu ya uzi inayotetemeka, kutoka mfereji wa juu mpaka kidaraja: kwenye violoni kubwa ni karibu sentimita 32 na nusu, kwenye gitaa ni karibu 65, mara mbili yake. Uzi ukifupishwa nusu kwa mkazo uleule hupanda oktava moja. La ya uzi wa tano wa gitaa iko oktava mbili chini ya la ya violoni. Ukiihamishia kwenye violoni inapanda oktava moja, na bado inakosa nyingine. Ili kuipandisha hiyo iliyobaki ungehitaji kuukaza mara nne zaidi, na kabla hujafika, ama uzi unakatika usoni mwako ama chombo kinapasuka. Ulifanya vema kuacha. Uondoe leo, pia kwa sababu waya uliozungushiwa nje yake una meno yanayokula manyoya ya upinde.

Kwa hesabu hiyohiyo, kuna uzi mmoja wa gitaa unaoweza kukuokoa siku ya dharura: mi nyembamba, wa kwanza, ule wa chuma kitupu wenye namba ya unene 010 au 009. Ukifupishwa nusu unatoa mi ya violoni kwa mkazo karibu uleule wa gitaa. Uwe wa dharura tu, na kwa mi tu, mpaka uzi wake halisi ufike.

Gitaa la kaka yako lina faida nyingine kubwa zaidi, na hapa ningependa mkae pamoja badala ya kubishana. Mkaribishe akusaidie kulinganisha. Alinganishe gitaa lake kwanza, simu ikiwa imewekwa kwenye 440, ndiyo mitetemo ya la kwa sekunde, kisha akupigie sauti hizi polepole, moja moja. La yako ni uzi wake wa kwanza akibonyeza nafasi ya 5. Re yako ni uzi wake wa pili kwenye nafasi ya 3. Sol yako ni uzi wake wa tatu bila kubonyeza kitu, sauti ileile kabisa, mitetemo 196 kwa sekunde. Mi yako ni uzi wa kwanza kwenye nafasi ya 12. Mji huu umelea wapiga gitaa wa kiwango cha Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo. Huwezi kukosa gitaa jirani hata siku kaka yako hayupo. Kwa njia hii oktava haiwezi kukupotea, kwa sababu sikio linakataa lenyewe.

Ukibaki na simu peke yako, chagua programu inayoonyesha herufi pamoja na namba. Sisi tuliozoea do-re-mi herufi hizo zinatuchanganya mwanzoni, basi ziandike ndani ya kifuniko cha sanduku: sol ni G3, re ni D4, la ni A4, mi ni E5. Ikikuonyesha A3, bado uko chini oktava nzima.

Anza na la, kisha re, sol, na mi iwe ya mwisho, kwa sababu ni nyembamba na hukatika upesi. Uso wako uwe mbali nayo. Siku zote toka chini upande. Ukipita juu ya sauti, shuka chini yake kisha upande tena, ndipo uzi unatulia. Kigingi kikufikishe karibu tu, kile kidogo kinachobaki kimalizie kwa skrubu ndogo zilizo chini, kule nyuzi zinakofungwa. Skrubu ikifika mwisho, ifungue karibu yote na uanze tena na kigingi. Na inamia utazame chini yake: skrubu iliyoingia sana husukuma kijino cha chuma mpaka kinachimba uso wa violoni, na violoni nyingi za mitumba zina kovu hilo.

Ukishazoea, jaribu hivi. Piga la na re pamoja kwa upinde, uzito uleule kwenye nyuzi zote mbili. Zikiwa karibu kupatana utasikia sauti inayumba, wa-wa-wa. Gusa skrubu ya re polepole. Mawimbi yanapungua kasi, yanarefuka, halafu yanakoma na sauti mbili zinakuwa kitu kimoja kipana. Hiyo ndiyo kwinti, yaani umbali wa noti tano, na ndivyo wapigaji wote wa violoni wanavyolinganisha re, sol na mi baada ya kupewa la. Wewe umeimba korali miaka, sikio lako linaijua tayari hata kama hujawahi kuitafuta kwa mkono.

Kiangazi hiki, usiiache violoni chini ya bati wala karibu na dirisha linalopigwa na jua. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, weka ndani sponji iliyolowa na kukamuliwa vizuri, ukiweke pembeni mwa sanduku mahali ambapo hakigusi mbao. Ikikauka, ilowe tena.

Majirani: bana kidaraja kwa kibanio cha nguo, cha mbao, juu kati ya nyuzi. Sauti inapungua sana, hasa ukali wake. Kiondoe ukimaliza, na uangalie kama kidaraja hakijasogea. Ningeenda pia kuwaona nyumba kwa nyumba, niwaambie saa ninazojifunza. Watu huvumilia kelele wanayojua itaisha saa ngapi.

Kuhusu kiongozi wako, msikilize nusu. Kujilinganishia nyuzi, kubadilisha uzi, kutunza vigingi, mtu mzima mwenye subira anajifunza peke yake. Mkono wa upinde ni jambo jingine. Kiwiko kikizoea vibaya huchukua muda mrefu kukirekebisha, na video haikuoni. Tafuta mtu anayepiga violoni, hata kwa mara moja moja, akutazame tu unavyoshika. Lakini usiuze. Pale Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Armand Diangienda ilianza mwaka 1994 na watu wengi ambao hawakuwahi kushika violoni. Walipokezana vyombo vichache, aliyejua kidogo akamfundisha asiyejua, na nyuzi zilipokatika walifikia kutumia waya za breki za baiskeli. Sikuambii uige waya za breki, walifanya hivyo kwa kukosa. Nakuambia kwamba anayesema haiwezekani anaweza kuonyeshwa orkesta nzima, katika nchi yetu hii.

Nyuzi mpya utaagiza kwa mtu anayesafiri Ndola au Johannesburg, au Kinshasa. Kabla hujampa pesa, pima mwili wa violoni kwa nyuma, kuanzia juu mpaka chini bila kuhesabu kile kijilimi cha mbao kinachoshikana na shingo. Ukipata sentimita 35 na nusu hivi, ni 4/4, yaani ukubwa kamili. Ukipata 33 na nusu hivi, ni 3/4, na nyuzi zake ni nyingine. Mwandikie kwenye karatasi: violoni, ukubwa, seti kamili, na mi mbili. Angalia pia uzi wa mi wa zamani unaishia na kitanzi au na kijigololi, kwa sababu ile skrubu ndogo ya mi hupokea aina moja tu kati ya hizo, na ukikosea msafiri atakuwa amerudi bure.

Yaya